Povu la Mtoni: Historia ya Sabuni ya Unga na Nani Hubeba Lawama

 

Wiki chache zilizopita jua lilikuwa kali na kijito kinachopita chini ya kambi yetu kilikuwa kimebaki na maji ya magotini. Wenyeji wa upande wa chini wakaleta malalamiko. Povu jeupe lilikuwa linajikusanya kwenye mawe, palepale ng'ombe wao wanapokunywa. Kikaitwa kikao, na baada ya kikao sisi vijana wa kujitolea tukapewa kipaza sauti na picha za kubandika. Kwenye picha kuna mama ameinama na beseni lake mtoni, na juu yake imechorwa X nyekundu. Ujumbe wetu ulikuwa mmoja tu: msifue mtoni.

Tulizunguka zoni mbili siku hiyo. Katika zoni ya pili, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitusikiliza mpaka tukamaliza, halafu akasema kwa upole: "Wanangu, nimewasikia. Mto mmenikataza. Sasa bomba la kufulia ni lipi?"

Bomba la karibu lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na foleni ya ndoo ilikuwa imefika njiani. Tulimjibu, "Tutauliza, mama," tukaondoka na kipaza sauti chetu kama watu walioiba kitu.

Jioni ile tukakubaliana tusome kwanza kabla ya kutangaza tena. Tulitaka kujua povu hili lilianzia wapi duniani, na waliolipata kabla yetu waliliondoaje. Kumbe nchi tajiri zilipitia jambo hili zamani, tena kwa ukubwa ambao kijito chetu hakijawahi kuona. Na dawa waliyoipata haikuanzia kwa mwenye beseni.

Tuanze na sabuni yenyewe. Sabuni ya zamani, ile ya mche au ya kipande, hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, ya nazi au ya mnyama, yakichanganywa na kostiki. Wengi wetu tuliotoka Fizi, Uvira au Rumonge tumewaona wazazi wakiipika kwa mawese. Bakteria wa majini na wa udongoni huila sabuni hiyo bila shida. Ubaya wake ni mmoja: kwenye maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, inagoma kutoa povu na inaacha utando kwenye nguo.

Sabuni ya unga tunaiita sabuni, lakini ni kitu kingine kabisa, na historia yake inaanza na vita. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza ziliizuia Ujerumani kuingiza bidhaa kwa bahari. Mafuta yakawa adimu, na yale machache yalitakiwa kwa chakula na kwa kutengeneza baruti. Wakemia wa Kijerumani wakatafuta kitu cha kusafishia kisichotumia mafuta ya kula. Mwaka 1917 walipata Nekal, iliyotokana na makaa ya mawe. Kwa kufulia haikuwa nzuri sana, lakini njia ilishafunguka. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitoa sokoni Dreft, na mwaka 1946 ikatoa Tide. Watu waliipenda mno, maana ilitoa povu hata kwenye maji magumu na ilifaa kwa mashine za kufulia. Kufikia mwaka 1953, Wamarekani walikuwa wananunua sabuni za aina hii mpya kuliko sabuni ya zamani.

Ndani ya pakiti hizo kulikuwa na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni kiungo kinachong'oa mafuta kwenye nguo na kutoa povu. Baada ya vita vya pili, kiungo hiki kilikuwa kinatengenezwa kwa bei rahisi kutokana na petroli. Cha pili ni fosfeti, ambayo kazi yake ni kuishika ile chokaa ya maji magumu isiharibu ufuaji. Mvikumbuke hivi viwili, maana kila kimoja kilileta balaa lake.

Balaa la kwanza lilikuwa povu. Kiungo kinachong'oa mafuta kina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Bakteria wanapokila huanzia kwenye mkia, kidogo kidogo, kama mtu anavyotafuna muwa. Lakini mkia wa kile cha miaka ya 1950 haukuwa mnyoofu. Ulikuwa na matawi matawi, na bakteria wakifika kwenye tawi wanakwama. Basi kiungo kile kiliondoka kwenye beseni kikiwa kizima, kikapita kwenye mitaro na kwenye mitambo ya kusafisha maji taka kikiwa kizima, kikaingia mtoni hivyohivyo. Maji yakianguka penye kizuizi, yakikorogeka, povu linapanda.

Ujerumani, mwaka 1959, kiangazi kilikuwa kikavu na mito ikapungua. Povu likajaa kwenye vizuizi vya mito na kwenye milango ya kupitishia meli. Uingereza nako mitambo ya maji taka ilifunikwa na povu, upepo ukalipeperusha. Kisiwa cha Long Island, karibu na New York, kilikuwa na nyumba nyingi zenye kisima na shimo la maji machafu katika kiwanja kimoja. Maji ya shimo yakapenya ardhini yakafika kisimani, na mtu akifungua bomba jikoni, glasi yake inatoa povu. Hapo sisi tuliosoma kwa sauti tulinyamaza kidogo. Shimo na kisima kukaa karibu, hiyo hadithi tunaijua.

Sasa tazameni walichofanya. Uingereza iliunda kamati mwaka 1953 kuchunguza sabuni hizi mpya, na ripoti yake ikatoka mwaka 1956. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kubana mwaka 1964: kiungo cha sabuni lazima kiweze kuvunjika kwa angalau asilimia 80. Viwanda vikabadilisha mkia. Wakaweka ulionyooka, usio na matawi, ambao bakteria wanaweza kuutafuna. Marekani viwanda vilikamilisha mabadiliko hayo mwaka 1965.

Mama wa Ujerumani hakubadilisha chochote. Alinunua pakiti yake dukani, akafua kama alivyofua jana. Povu mtoni likapungua, kwa sababu aliyebadilika ni aliyetengeneza pakiti.

Kabla ya balaa la pili, kuna tukio la baharini ambalo hatukuweza kuliruka. Tarehe 18 Machi 1967, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa imebeba tani karibu 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Mafuta yalipofika ufukweni, watu walikimbilia dawa ya kusafishia, ndugu wa hizi sabuni za viwandani, iliyochanganywa na kiyeyushi. Tani zipatazo 10,000 zilimwagwa juu ya maji na kwenye miamba. Askari walikuwepo, na watu wa kujitolea walikuwepo, kama sisi. Kila mtu alitaka kusaidia, tena haraka.

Lakini dawa ile ilikuwa sumu kuliko mafuta yenyewe. Iliua konokono wa miambani, ambao kazi yao ni kula mwani na kuuweka mfupi. Bila wao, miamba ikageuka kijani kwa mwani uliojiotea ovyo. Pale Godrevy, ambako dawa haikumwagwa kwa sababu ya kuwahofia sili, viumbe vilirudi baada ya miaka michache. Palipomwagwa dawa nyingi ilichukua zaidi ya miaka 10. Sisi wa kipaza sauti tulijiona humo. Nia njema ikienda mbio bila kupima inaweza kuongeza jeraha.

Turudi kwenye balaa la pili, lile la fosfeti. Hili halikuwa na povu, kwa hiyo lilichelewa kuonekana. Fosfeti ina fosforasi, na fosforasi ni mbolea. Ikiingia ziwani, mwani mdogo wa kijani unastawi kama shamba lililotiwa mbolea. Mwani ukifa unazama, bakteria wanauozesha, na katika kuuozesha wanamaliza oksijeni ya majini. Samaki wanakosa pumzi.

Ziwa Erie liko mpakani mwa Marekani na Canada. Ni la kina kifupi kuliko Maziwa Makuu mengine ya huko. Kufikia miaka ya 1960 lilikuwa linapokea maji taka ya miji mingi, na sehemu kubwa ya fosforasi ya maji taka hayo ilitoka kwenye sabuni za kufulia. Fukwe zikajaa mwani unaonuka. Magazeti yakaandika kwamba ziwa limekufa.

Safari hii viwanda havikukubali haraka. Kukawa na mabishano makali. Wengine walisema kinacholisha mwani si fosforasi, ni kaboni, kwa hiyo kuondoa fosfeti hakutasaidia kitu. Mwanasayansi David Schindler na wenzake walikuwa wanafanya kazi kwenye maziwa madogo ya majaribio kaskazini magharibi mwa Ontario, Canada. Mwaka 1973 walichukua ziwa moja, wanaliita Ziwa 226, wakaligawa katikati kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia kaboni na naitrojeni vilevile, wakaongeza fosforasi. Upande ule uliopata fosforasi ukawa kijani kabisa, na wa pili ukabaki na maji yake ya kawaida. Picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha mstari wazi katikati ya ziwa. Mtu ambaye hajasoma kemia hata siku moja aliielewa.

Canada ilikuwa imeanza kubana fosfeti kwenye sabuni za kufulia mwaka 1970, na mwaka 1973 ikabana zaidi. Tarehe 15 Aprili 1972, Rais Nixon wa Marekani na Waziri Mkuu Trudeau wa Canada walitia saini mkataba wa kulinda maji ya Maziwa Makuu hayo. Mitambo mikubwa ya maji taka ikatakiwa kupunguza fosforasi hadi miligramu 1 kwa lita. Lakini kwa Marekani yote, viwanda viliacha kuweka fosfeti kwenye sabuni za kufulia majumbani mwaka 1994 tu, na Umoja wa Ulaya uliweka kikomo chake kwa sabuni hizo mwaka 2013. Hesabuni wenyewe. Povu lililoonekana kwa macho lilipata dawa ndani ya miaka kama 15. Fosfeti isiyoonekana ilichukua miongo.

Ziwa Erie lilipata nafuu miaka ya 1980. Hata hivyo tusidanganyane, hadithi haikuishia hapo. Mwani umerudi, sasa hivi zaidi kwa sababu ya mbolea za mashambani, na Agosti 2014 wakazi karibu nusu milioni wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Kwa hiyo sabuni si mkosaji pekee. Na mkia mnyoofu nao hautoshi peke yake. Unahitaji oksijeni na muda ili uvunjike, na kabla haujavunjika bado unadhuru samaki. Mjini Delhi, India, mto Yamuna hujaa povu karibu kila mwaka, kwa sababu maji taka mengi yanaingia mtoni bila kusafishwa. Pakiti nzuri bila mtambo wa maji taka ni nusu ya kazi.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwanza kwa sababu ya ziwa letu. Wengi wetu tulikulia kando ya Tanganyika, tukafua pale, tukaoga pale, tukachota ya kunywa palepale. Ziwa Erie hubadilisha maji yake yote ndani ya miaka isiyozidi mitatu. Ndiyo maana liliweza kupata nafuu watu walioliona likiugua wakiwa bado hai. Tanganyika ni tofauti. Maji yake yana mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na mengi hupaa tu kwa jua huku yaliyomo yakibaki. Maji ya Tanganyika hukaa mamia ya miaka. Tukilichafua kama walivyochafua Erie, hatutaliona likipona, wala wajukuu wetu hawataliona. Burundi, Congo, Tanzania na Zambia zinaligawana. Siku tutakaporudi nyumbani, jambo hili litakuwa linatungoja.

Pili, kwa sababu ya mama yule. Tukiipanga historia yote hii, tunaona milango mitatu ya kuzuia uchafu wa sabuni. Mlango wa kwanza ni kiwandani: ndani ya pakiti kumewekwa nini. Wa pili ni njia ya maji machafu: mtaro, shimo, mtambo. Wa tatu ni mkono wa anayefua. Huko kwa wenzetu kazi kubwa ilifanyika kwenye mlango wa kwanza na wa pili. Sisi tulianza na wa tatu, tukaishia hapohapo. Tulimchora mwenye uwezo mdogo kuliko wote, tukamwekea X.

Hatusemi wenyeji wamekosea. Mzee mmoja wa upande wao, tulipomwamkia shikamoo na kukaa naye, alituambia: "Marahaba wanangu. Mimi sina ugomvi na mama zenu. Nataka tu ng'ombe wangu anywe." Ana haki. Wala hatusemi mkono hauna kazi. Maji ya kufulia yakimwagwa ardhini mbali na mto, bakteria wa udongoni wanapata nafasi ya kuyashughulikia kabla hayajafika majini. Hilo tutaendelea kulisema, na sisi wenyewe tutalifanya. Lakini tutalisema pamoja na mengine matatu, na haya tunayaelekeza kwa kaka na dada zetu wa mashirika, kwa heshima.

Moja, sehemu za kufulia. Viwango vya Sphere, ambavyo ninyi mnavijua kuliko sisi, vinasema angalau sehemu moja ya kufulia kwa kila watu 100. Zihesabiwe, zoni kwa zoni, na hesabu isomwe kikaoni wenyeji wakiwepo. Kila moja iwe na sakafu ya saruji, mtaro, na shimo la mawe la kunyonya maji machafu, lililo mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji, kama tunavyofanya kwa vyoo.

Mbili, aina ya sabuni. Viwango hivyohivyo vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Uzito unatajwa, sawa. Tunaomba na kilichomo kiulizwe kabla ya kununua: je, ni sabuni ya mafuta? Kama ni ya unga, ina fosfeti? Anayenunua kwa maelfu ya watu ana sauti kwa kiwanda. Mama mwenye kipakiti kimoja hana.

Tatu, saa za bomba. Siku bomba likifungwa, mto unafunguliwa. Hilo halihitaji utafiti.

Picha zile tumezibandua. Hatukuzichana, tumezirudisha ofisini na kueleza sababu, na tumesikilizwa. Kikao kijacho tumepewa dakika kumi za kusema. Tulirudi pia kwa mama yule, kwa sababu tulimwambia tutauliza. Tukamwambia ukweli kwamba jibu la bomba bado hatujalipata, ila swali lake tutalipeleka kikaoni. Akauliza, "Mtasema ni nani aliyeuliza?" Tukamwambia hatutamtaja kama hataki. Akacheka, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Hapana, semeni ni mimi. Na mimi nitakuja."

Mlio kambi nyingine, tunawaomba mhesabu sehemu za kufulia za kwenu, muangalie maji yake yanakwenda wapi, kisha mtuandikie. Tutaweka hesabu zote pamoja.